Spektra ya plastiki ya matabaka inapokupotosha: dalili, visababishi na la kufanya

Pakiti ya sabuni ya unga iliyookotwa ufukweni Malindi huonekana kuwa kitu kimoja, kumbe ni filamu kadhaa zilizogandamizwa: polithini ya kufungia kwa joto, PET (plastiki ya chupa za maji) ya kubeba maandishi, na pengine alumini katikati ya kuzuia unyevu. Vifungashio vya nyama na jibini huongeza nailoni. Kwa mtu anayeyeyusha plastiki kutengeneza mbao au vigae, matabaka haya ndiyo yanayoamua kama kazi itafaulu. Polithini huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135 hivi, polipropilini karibu na 165, nailoni 6 karibu na 220, PET karibu na 255. Ukizitia zote katika mashine iliyopangwa kwa polithini, PET hubaki vipande vigumu ndani ya ubao, na ubao utavunjikia hapo hapo.

Watu wa Lamu wameshauonyesha ulimwengu kwamba plastiki ya ufukweni inaweza kuwa chombo cha baharini: Flipflopi iliundwa huko, ikashushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 ikasafiri hadi Zanzibar. Marufuku ya mifuko ya kubebea ya tarehe 28 Agosti 2017 ilipunguza aina moja ya taka, ila pakiti za matabaka bado zinakuja na kila maji makuu. Ndiyo sababu naona kuna haja ya kuandika mwongozo huu kwa vijana wa pwani walioanza kushika mashine ya infraredi yenye chemba ya fotoakustika. Hiyo ndiyo njia inayokuonyesha matabaka bila kukata, kusaga wala kubandika sampuli. Ila husema uongo mwingi kwa asiyejua kuihoji.

Kabla ya dalili yoyote

Mwanga wa infraredi unaopanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde huingia ndani ya plastiki. Unapofyonzwa hugeuka joto, joto hilo husafiri hadi juu, hupasha gesi iliyofungiwa ndani ya chemba, na gesi husukuma maikrofoni. Mchoro wa nguvu ya ishara hiyo kwa kila namba-wimbi (idadi ya mawimbi ya mwanga kwa sentimita, cm⁻¹) ndio spektra, na kila polima, yaani dutu ya plastiki yenyewe, ina vilele vyake humo. Alexander Graham Bell aliligundua jambo hili mwaka 1880. Nadharia tunayoitegemea leo kwa vitu vigumu ni ya Rosencwaig na Gersho, ya mwaka 1976.

Kinachotuhusu zaidi ni kina ambacho joto linaweza kutoka na bado likasikika. Chukua usambaaji wa joto wa polima (kwa polima nyingi ni karibu na 0.001 cm² kwa sekunde), gawanya kwa pai mara masafa (mwanga unapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde), kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa masafa ya hertzi 100 utapata maikromita 18. Kwa hertzi 400, maikromita 9. Kwa hertzi 10, maikromita 56. Masafa yakipanda, unasoma karibu na ngozi. Yakishuka, unasoma ndani zaidi.

Ndani ya mashine mwanga hugawanywa njia mbili, na kioo kinachotembea hubadilisha urefu wa njia moja. Kioo hicho kinapotembea mfululizo, masafa ni kasi mara namba-wimbi. Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa kuwa mashine hazikubaliani kuhusu maana ya kasi. Nyingine huandika mwendo wa kioo chenyewe, ambao kwa muundo wa kawaida ni nusu ya kasi ya tofauti ya njia za mwanga. Nyingine huandika kilohertzi za leza; 1.6 hapo ni takriban 0.1 cm kwa sekunde. Namba zote ninazotoa hapa ni za tofauti ya njia. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kuhesabu kina chochote, la sivyo utakosea kwa kipeuo cha pili cha mbili (mara 1.4 hivi) katika kila sampuli bila kujua.

Ishara ni hafifu au haipo

Weka masizi ya kaboni, au kaboni ya kioo, kwenye chemba; hiyo ndiyo kipimo cha kulinganishia sampuli zote. Ikiwa nayo ni hafifu, tatizo si plastiki. Angalia mpira wa kuzibia: chembe moja ya mchanga juu yake inatosha kuvujisha gesi. Angalia kama heliamu imeingia kweli; ikilinganishwa na hewa, heliamu huongeza ishara mara mbili hadi tatu. Angalia betri au umeme wa maikrofoni. Kisha dirisha.

Dirisha la potasiamu bromidi ni chumvi, na hewa ya Malindi huila chumvi hiyo polepole hadi inafuka kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kwa pwani mimi napendelea dirisha la zinki selenidi. Linapoteza sehemu ya mwanga kwa kuakisi na halikufikishi chini sana ya 500 cm⁻¹, lakini vilele tunavyovihitaji kwa polithini, karibu na 720 na 730, vyote viko ndani ya uwezo wake.

Kaboni ikiwa nzuri na plastiki ikiwa hafifu, geuza sampuli. Huenda umeweka alumini juu. Filamu iliyopakwa alumini nyembamba, kama ile ya pakiti za krispi, huakisi karibu mwanga wote, na hakuna kasi itakayokupitisha upande wa pili. Pima uso, pima mgongo, uandike kwamba katikati kuna kizuizi.

Kelele, na vilele vinavyotembea

Maikrofoni haichagui. Itasikia tuktuk inayopita nje, jenereta ya jirani, kiyoyozi, hata gesi ya kusafishia mashine ikiingia kwa nguvu. Dalili ya kawaida ni kilele chembamba kisicho na maana ya kikemia. Kukijua ni rahisi: badilisha kasi. Umeme wetu ni wa hertzi 50. Kwa kasi ya 0.05 cm kwa sekunde, mvumo wake utaangukia 1000 cm⁻¹ barabara, na mwenzake wa hertzi 100 kwenye 2000. Ongeza kasi mara mbili, na ule wa 1000 utahamia 500, wa 2000 utahamia 1000. Kilele cha kikemia hakihami kamwe. Ukishajua ni mvumo, tafuta waya wa ardhi uliolegea na uitenge maikrofoni na vipashio vya umeme.

Kelele pana upande wa namba-wimbi ndogo mara nyingi ni mtikisiko wa sakafu. Bamba zito la jiwe juu ya mipira ya ndani ya magurudumu iliyojazwa upepo nusu hufanya kazi nzuri kuliko meza ya bei ghali iliyowekwa juu ya mbao zinazocheza. Kiyoyozi kiache kifanye kazi usiku kukausha chumba, ukizime wakati wa kupima. Punguza mtiririko wa gesi ya kusafishia pia.

Mistari myembamba mingi kati ya 1400 na 1900, na tena juu ya 3500

Huo ni mvuke wa maji. Ukiona pia kilele karibu na 2350, ni kaboni dayoksaidi. Vikielekea juu au chini, maana yake hewa haikuwa sawa ulipopima kaboni na ulipopima sampuli.

Kuna jambo hapa ambalo mwongozo wa kiwandani haulitilii mkazo kwa sababu uliandikwa kwa ajili ya vyumba vikavu. Maji hayatoki kwenye mashine peke yake. Nailoni hufyonza maji, na karatasi ya boksi la juisi hufyonza zaidi. Sampuli iliyolala kwenye maji ya bahari itaendelea kuyatoa ndani ya chemba ndogo iliyofungwa, na spektra ya mwisho haitafanana na ya kwanza. Kausha vipande kwenye chombo kilichofungwa chenye silika kavu usiku kucha. Chini ya kikombe cha sampuli weka chembechembe za kukausha. Magnesiamu pakloreti hutumika sana, ila ni kioksidishaji kikali, isiguse mafuta, alkoholi wala vipande vya plastiki vyenyewe. Pima mara mbili mfululizo. Mistari ikipungua kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, subiri. Bado sampuli inapumua.

Vilele vikubwa vimekatwa vichwa

Polithini inapaswa kuwa na vilele virefu sana 2916 na 2848, na vifupi zaidi 1465 na 720. Kwenye fotoakustika utaviona vyote vikikaribiana urefu, na programu ya kutafuta ndani ya maktaba itakuletea majina ya ajabu. Kilele kimeshiba. Mwanga wote wa namba-wimbi hiyo umefyonzwa juu kabisa, katika kina kidogo kuliko kina cha joto, kwa hiyo polima ikiongezeka kilele hakipandi tena. Kile kifupi bado kina nafasi ya kukua, basi kinamfikia mwenzake.

Tiba ya kwanza ni kasi kubwa zaidi, kwa kuwa kina cha joto kinapopungua kushiba kunapungua. Ya pili ni kuacha kupima kwa vilele vikubwa na kutumia vidogo. Ya tatu ni hesabu ya kunyoosha inayotumia ukubwa wa ishara pamoja na awamu yake, yaani jinsi inavyochelewa. Programu nyingi zinayo, na inasaidia, ila haiwezi kurudisha habari ambayo kelele imeshaimeza.

Plastiki nyeusi ni mkasa wa namna hiyo hiyo, tena mkubwa. Masizi yaliyochanganywa humo hufyonza kila namba-wimbi, na vilele vya polima huwa vijivimbe juu ya ukuta. Kasi kubwa husaidia kidogo tu.

Sijui kilele hiki ni cha tabaka la juu au la chini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nakuomba usiharakishe.

Tuseme una kipande chenye polithini ya maikromita 20 juu na PET chini. Unaona kilele cha kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu) karibu na 1720. PET inacho. Lakini polithini iliyopigwa na jua la ufukweni kwa miezi nayo hutengeneza kabonili, karibu na 1715, juu ya ngozi yake. Ukisema PET kumbe ni kuoza kwa jua, umetupa polithini inayofaa. Ukisema jua kumbe ni PET, umeharibu pishi zima la anayeyeyusha.

Pima kwa kasi tatu. Kwa 0.05 cm kwa sekunde, kina cha joto pale 1720 ni kama maikromita 19. Kwa 0.2, ni kama 9.6. Kwa 0.8, ni kama 4.8. Joto linalotoka maikromita 20 chini hufika juu likiwa limebaki asilimia 35 katika kipimo cha kwanza, asilimia 12 katika cha pili, na asilimia moja na nusu katika cha tatu. Basi linganisha kilele cha 1720 na cha polithini, 1465. Kabonili ikizama kila kasi inapopanda, iko chini: PET. Ikisimama au ikipanda, iko juu: jua. Kisha tafuta ndugu zake. PET haitembei peke yake; huja na 1245 na 1100 hivi. Kabonili ya jua haina watu hao.

Angalia pia hiyo asilimia 35. Wengi husoma kwamba kina cha joto ni maikromita 19 na kudhani kilicho chini ya hapo hakionekani. Kinaonekana. Kina cha joto si ukuta. Ni mahali ambapo ishara imebaki theluthi moja na ushei. Ukitaka kudai kwamba tabaka fulani halipo, nenda mara kadhaa zaidi ya kina hicho.

Vilele viwili vya polima moja vinatoa majibu tofauti

Kioo kikitembea mfululizo, kila namba-wimbi ina masafa yake na kina chake. Kwa kasi ya 0.1, kilele cha 2900 kinasoma maikromita 10 hivi, na cha 720 kinasoma 21. Ndani ya spektra hiyo hiyo unatazama vina viwili. Polithini iliyo chini ya filamu nyingine itaonekana kubwa kwa 720 na ndogo kwa 2900, na hakuna kilichoharibika.

Kama mashine yako inaweza kusogeza kioo kwa hatua, tumia njia hiyo. Masafa yanakuwa mamoja kwa spektra nzima. Huchukua muda mrefu, na muda mrefu una shida yake: heliamu huvuja taratibu, ishara ikashuka katikati ya kazi. Pima kaboni mwanzoni na mwishoni. Zikitofautiana sana, kipimo cha katikati hakiaminiki.

Awamu inasema jambo lisilowezekana

Joto la chini huchelewa kufika juu. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe zinafundisha hili vizuri: jua la adhuhuri hupiga ukuta mnene kwa nje, na ndani joto lake husikika usiku. Ndani ya plastiki ucheleweshaji huo tunausoma kama awamu, na kila kina kimoja cha joto huongeza nyuzi 57 hivi.

Kosa linalorudiwa ni kuchukua kila kilele kinachochelewa na kukitangaza cha chini. Hata ndani ya tabaka moja lisilo na chochote chini yake, kilele dhaifu huchelewa kuliko kilele chenye nguvu, kwa sababu mwanga wake hupenya zaidi kabla ya kufyonzwa. Katika polima nene ya aina moja, tofauti hiyo hufika nyuzi 45 na haizidi hapo. Kwa hiyo mimi hulinganisha vilele vyenye nguvu kwa vyenye nguvu, na dhaifu kwa dhaifu. Tofauti ya nyuzi 20 kati ya kilele kikubwa na kidogo haithibitishi chochote. Ikivuka 45 kwa uwazi, sasa zungumza kuhusu tabaka la chini. Hakikisha kaboni ilipimwa kwa masafa yale yale, maana maikrofoni na chemba nazo zina ucheleweshaji wao unaobadilika na masafa. Na kama tabaka la chini liko mbali sana, awamu inaweza kuzunguka duara zima na kuonekana ndogo. Rudia kwa masafa ya chini zaidi uone kama mpangilio unabaki ule ule.

Tabaka la ajabu ambalo kifungashio hakipaswi kuwa nalo

Sampuli za Malindi zina mgeni wake, na mgeni huyo ni Mto Sabaki. Wakati wa kaskazi maji yake mekundu husukumwa kusini hadi kwenye ghuba, na udongo hung'ang'ania plastiki. Utaona mlima karibu na 1030, na kama udongo una kaolini, vilele vyembamba 3695 na 3620. Mtu aliyezoea vifungashio vya chakula anaweza kuudhania mlima huo kuwa tabaka la EVOH (polima ya ethilini na vinili alkoholi, ya kuzuia oksijeni). EVOH ina mlima mpana wa 3350, lakini haina vile vyembamba viwili vya juu.

Utando wa viumbe wa baharini ni mjanja zaidi. Protini zake hutoa 1650 na 1545, mahali karibu sana na nailoni, yenye 1640 na 1545. Nailoni ina kilele kilichochongoka vizuri pale 3300. Utando una mlima mpana, na hufuatana na sukari zake karibu na 1050. Tena utando uko juu kabisa: ongeza kasi, nao utakua ukilinganishwa na plastiki. Nailoni iliyofungiwa katikati itafanya kinyume.

Chokaa nayo ina sura mbili. Viwanda huchanganya kalsiamu kaboneti ya kalisaiti ndani ya plastiki, nayo huonyesha 876 na 712. Matumbawe hujenga aragonaiti, na mchanga mweupe wa Watamu umejaa vipande vyake. Kilele chake kiko karibu na 858, na pale 713 huwa na pacha wa 700. Ukikosa uhakika, tone la siki litakwambia: chokaa ya juu huyeyuka, ile iliyo ndani ya polima hubaki.

Osha kwa maji safi, sabuni ya kawaida na brashi laini, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha. Asetoni iweke mbali, kwa sababu huyeyusha polistirini na wino. Pima kabla na baada ya kuosha, uhifadhi zote mbili. Kilichoondoka na maji hakikuwa tabaka.

Ishara imekuwa kubwa ghafla mahali pamoja

Matabaka yameachana. Jua na chumvi hulegeza gundi, hewa ikaingia kati, na filamu ya juu, ikiwa haina tena pa kupelekea joto lake chini, huchemka zaidi na kupaza sauti. Wakati huo huo tabaka la chini hufifia, kwa kuwa joto lake haliwezi kuvuka pengo. Ukikunja kipande mbele ya taa utaona lengelenge. Kata kipande kingine pembeni, au zitenganishe filamu kabisa kwa koleo ndogo upime moja moja.

Wakati wa kuacha fotoakustika

Ikiwa tabaka unalolitafuta liko zaidi ya maikromita 60 au 70 chini, usiendelee kupunguza kasi hadi kelele ya sakafu ikameza kila kitu. Kata ukingo mwembamba wa sampuli kwa wembe mpya, uusimamishe kwenye nta, na usome kila tabaka kwa pembeni kwa darubini ya infraredi kama ipo. Kama haipo, bandua filamu kwa kulowesha kipande katika maji ya moto, ukibonyeze kila upande kwenye kioo cha ATR (njia ya infraredi ya kugusisha sampuli kwenye fuwele), ambacho husoma maikromita moja au mbili tu za ngozi. Weka alama ya kalamu kwenye uso wa nje kabla ya kubandua. Ukishazitenganisha filamu mbili zinazong'aa, hakuna kipimo kitakachokurudishia ipi ilikuwa juu.